Spika za Nyumbani: Tusinunue Maandishi, Tununue Sauti

Safu ya Nyumba na Matumizi

 Sisi wawili ni mume na mke tunaoandika safu hii hapa Nakivale.

Mwezi huu tumeamua kuzungumzia spika za kuangalizia filamu na kusikilizia muziki nyumbani. Wenzetu wengi wa Kongo na Burundi wamezoea kuziita bafle, wengine wanasema spika, na ile ya mdundo mzito watu wanaiita sabufa. Jina lolote, kazi ni ile ile.

Tunajua kuna watakaouliza: jamani, posho imepunguzwa mara kadhaa tangu 2020, na ninyi mnatuletea habari za muziki? Swali ni zuri. Jibu letu ni hili: watu wananunua. Kila familia inayopata pesa kidogo ya mavuno, ya kikundi cha kuweka na kukopa, au iliyotumiwa na ndugu walioko ng'ambo, mapema au baadaye inafikiria televisheni na spika. Wazazi wengi wanaona ni afadhali watoto waangalie filamu nyumbani, mbele ya macho yao, kuliko kukesha kwenye vibanda vya video. Sasa kama pesa ni kidogo, ukikosea mara moja umekosea kwa mwaka mzima. Sisi tulikosea, na tutawaambia jinsi tulivyokosea.

Yaliyotupata sisi

Zamu yetu ya kugawiwa pesa za kikundi ilipofika, tulienda mjini Mbarara. Dukani tuliona boksi kubwa jeusi, lina taa zinazowaka rangi tatu, na mbele limeandikwa 6000W kwa herufi za dhahabu. Muuzaji akaliwasha, duka zima likatetemeka. Baba wa nyumba akasema, "Hii ndiyo yenyewe." Mama akauliza kama betri yetu ya sola itaiweza. Muuzaji akacheka, akasema, "Mama, hii inakula kidogo sana." Tukalipa shilingi laki mbili na nusu, na nyingine juu kwa ajili ya inveta, maana boksi lile lilitaka umeme wa ukutani.

Usiku wa kwanza majirani walikuja, tukaangalia filamu. Kabla filamu haijaisha, tii, giza. Televisheni imezima, boksi limezima, na taa za nyumba nzima zimezima. Tukafikiri ni bahati mbaya. Usiku wa pili ikawa vile vile, na wa tatu pia.

Mwaka huo binti yetu alikuwa P.7, na mtihani wa PLE ulikuwa karibu. Kila jioni alisubiri tumalize ndipo asome, na kila jioni tulimwachia giza. Hakusema neno. Akaanza kwenda kusoma kwa jirani, kwenye taa ya watu. Tulikuja kujua baadaye, jirani mwenyewe alipotuuliza kwa upole kama nyumbani kuna tatizo. Mtihani alipita, lakini si kwa alama alizozitaka. Hatuwezi kusema ni boksi peke yake lililosababisha. Lakini hatuwezi pia kusema halikuchangia.

Ndiyo maana tunaandika.

Wati za mbele na wati za nyuma

Somo la kwanza: usiamini namba iliyoandikwa mbele. Namba kubwa kama 3000W au 6000W mara nyingi ni zile wanazoziita PMPO. Hakuna kipimo kimoja kinachokubalika cha PMPO. Kila kiwanda kinaandika kinavyopenda. Kipimo cha kweli zaidi kinaitwa RMS, yaani nguvu ambayo spika inaweza kuitoa mfululizo bila kuumia.

Kama huoni neno RMS, geuza boksi uangalie nyuma, au soma chaja yake. Pale pana namba mbili, volti na ampea. Zidisha. Chaja ya 12V na 2A ni wati 24. Basi. Kitu kinachokula wati 24 hakiwezi kutoa wati 3000, kama vile mtu aliyepewa kilo mbili za unga hawezi kupika ugali wa harusi. Boksi letu, tulipoligeuza mwishowe, nyuma liliandikwa 60W. Elfu sita zilikuwa mbele, sitini zilikuwa nyuma.

Na msiogope namba ndogo. Kwenye chumba cha nyumba zetu, wati moja au mbili za kweli zinatosha kusikia mazungumzo ya filamu vizuri. Ukiongeza wati mara mbili, sauti inapanda kidogo tu, desibeli 3. Ili sikio lisikie kama sauti imekuwa kubwa maradufu, unahitaji wati kama mara kumi. Kwa hiyo spika ya wati 20 na ya wati 40 hazitofautiani sana kwa ukubwa wa sauti. Tofauti kubwa iko kwenye usafi wa sauti na kwenye betri yako.

Hesabu ya betri kabla ya hesabu ya pesa

Tuseme una betri ya sola ya 12V na 18Ah. Zidisha: 216. Hizo ni wati-saa. Lakini betri ya risasi na asidi, hii ya kawaida, usiitumie zaidi ya nusu ukitaka idumu. Zinabaki 108. (Betri za lithiamu zinaruhusu kutumia zaidi ya hapo.)

Boksi letu kubwa lilikula kama wati 30 kwa sauti ya wastani, televisheni 20, taa mbili 6. Jumla 56. Inveta nayo inakula yake, tukafika kama 65. Gawanya 108 kwa 65: ni kama saa moja na dakika arobaini. Filamu ya saa mbili haimaliziki. Tungeifanya hesabu hii dukani, kwa kijiti na vumbi tu, tungerudi na pesa zetu.

Sasa chukua spika mbili ndogo zinazotumia 12V moja kwa moja kutoka kwenye betri, bila inveta. Kwa sauti ya kawaida zinakula kama wati 8. Televisheni ya 12V wati 20, taa 6. Jumla 34. Gawanya 108 kwa 34: zaidi ya saa tatu. Filamu inaisha, na mwanafunzi anabaki na saa nzima ya taa. Angalizo: hesabu hii ni ya betri iliyojaa na nzima. Siku ya mawingu, au betri ikizeeka, punguza.

Kwa hiyo kanuni yetu: nunua spika ya 12V au ya USB ya 5V kama nyumba yako ni ya sola. Ya umeme wa ukutani iachie mwenye umeme wa ukutani.

Filamu ni maneno kwanza

Nyumbani kwetu tunaishi na bibi, mama mzaa baba. Bibi anapenda filamu zilizotafsiriwa kwa Kiswahili, zile ambazo mtafsiri anasema juu ya sauti ya filamu. Na lile boksi kubwa, bibi alikuwa anauliza kila dakika, "Amesema nini?" Mjukuu anamweleza, anapitwa na yanayofuata, anauliza tena. Tukadhani ni masikio ya uzee. Kumbe ni boksi.

Sikio la binadamu mzima linasikia kuanzia mitetemo 20 kwa sekunde, ambayo ni mdundo mzito kabisa, mpaka 20,000, ambayo ni sauti nyembamba sana. Maneno yanaeleweka hasa kwenye sehemu ya kati na juu yake kidogo, kama 2,000 mpaka 4,000. Hapo ndipo herufi kama s, t, f na k zinapotofautiana. Mzee anapoanza kupoteza usikivu, kwa kawaida zinatangulia kupotea zile sauti nyembamba. Sasa ukimletea sabufa inayofunika kila kitu kwa mdundo, umemfunga masikio mara mbili. Ukitaka wazee wafurahie filamu, punguza besi, pandisha ile ya sauti nyembamba, na usiongeze ukubwa wa sauti ovyo.

Wengine wanatuuliza kuhusu seti za spika sita, zile za 5.1. Maana yake ni spika tano na sabufa moja: kulia, kushoto, katikati, mbili za nyuma, na ya mdundo. Katika filamu zilizorekodiwa hivyo, maneno mengi hutoka kwenye spika ya katikati. Ni mpango mzuri, lakini angalia mambo mawili. Kwanza, filamu nyingi tunazonakiliwa kwenye flashi zina sauti ya njia mbili tu, na muziki wa simu ni hivyo hivyo. Unalipia spika sita, zinafanya kazi mbili. Pili, pesa ile ile ikigawanywa kwa spika sita, kila moja inakuwa dhaifu. Kwa pesa kidogo, spika mbili nzuri zinashinda sita mbovu. Kama una kidogo zaidi, chukua 2.1, yaani spika mbili na sabufa moja ndogo yenye kitufe chake cha kupunguza besi.

Na dokezo la bure: kama unatumia deki ya DVD na spika mbili, halafu unasikia milio na muziki lakini maneno yako mbali, ingia kwenye mpangilio wa sauti wa deki. Huenda imewekwa 5.1, na maneno yanatumwa kwenye spika ya katikati ambayo huna. Weka stereo. Kuna familia moja hapa ilikuwa karibu kuuza spika zake kwa tatizo hili.

Jinsi ya kupima dukani

Usikubali kupimiwa kwa wimbo wa muuzaji. Yeye anajua wimbo gani unaficha makosa. Nenda na flashi yako, au simu yako, yenye vitu vitatu unavyovijua vizuri.

Kwanza, kipande cha filamu chenye watu wanaozungumza kwa sauti ya chini. Unaelewa kila neno ukiwa umesimama hatua nne? Sogea pembeni. Bado unaelewa?

Pili, rumba ya zamani, ya Franco au Tabu Ley ya miaka ya 1970. Subiri sebene ianze. Unapaswa kulisikia gitaa la solo peke yake, la mi-solo peke yake, na lile la kusindikiza peke yake, kila moja na kona yake. Kama yote yamekuwa uji mmoja, spika hiyo iache.

Tatu, kwaya au mwimbaji mmoja wa kike. Sauti isikwaruze masikio na isitoke puani.

Baada ya hapo pandisha sauti pole pole. Spika inapoanza kukwaruza ndipo mwisho wake. Kama ni katikati ya njia tu, hiyo ni dhaifu. Zungusha kitufe huku na huku. Kikitoa mkwaruzo, kimeshachakaa. Gonga boksi kwa kidole: la mbao linajibu kwa sauti fupi, la plastiki jepesi linalia kama debe, na litalia hivyo hivyo kwenye muziki. Angalia kama ina tundu la waya. Spika za blutuu ni nzuri kwa muziki wa simu, ila kwenye filamu sauti huweza kuchelewa kidogo, mdomo unafunga ndipo neno linakuja. Waya hauna shida hiyo. Uliza pia kama betri ya ndani inabadilishwa, maana baada ya miaka michache huchoka.

Ya zamani na ya fundi

Msiwadharau mafundi redio wa hapa kwetu. Spika ya zamani ambayo ukingo wake wa sponji umeoza inaweza kuwekewa ukingo mwingine, ikarudi nzima. Spika za gari, zikiwekwa kwenye boksi la mbao lililozibwa vizuri, zinafaa sana na amplifaya ndogo ya 12V. Jambo la kuangalia ni omu. Spika nyingi za gari ni omu 4, nyingi za nyumbani ni 8 au 6. Amplifaya iliyoandikwa omu 8 usiifunge kwenye omu 4 bila kumwuliza fundi. Itachemka na kuungua. Na waya: nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi, pande zote mbili. Ukigeuza upande mmoja, spika mbili zinapingana, besi inapotea, na utafikiri umeuziwa mbovu.

Na asiye na pesa kabisa, aweke simu ndani ya bakuli kubwa au chungu kikavu, upande wa spika ukiangalia chini. Ijaribuni leo. Haigharimu kitu.

Mahali pa kuweka

Spika ile ile inaweza kuwa nzuri au mbaya kwa mahali ilipo. Ziinue zilingane na masikio ya mtu aliyekaa. Matofali mawili matatu yanatosha. Zitenganishe, kulia na kushoto ya televisheni, na wewe ukae umbali unaokaribiana na ule ulio kati yake. Ukiziweka konani, besi inaongezeka na maneno yanazama. Kwenye nyumba tupu yenye bati, sauti inagonga na kurudi. Tundika kitenge au blanketi ukutani, sogeza godoro, utashangaa maneno yanavyokuwa safi. Bati likilia kila besi inapopiga, punguza besi.

Jirani na masikio

Kuta zetu ni za udongo na wengine bado wana maturubai. Besi inapita kwenye ukuta kuliko maneno. Wewe unafurahia wimbo, jirani anasikia dum, dum, dum peke yake usiku kucha. Kuna mgonjwa, kuna mzazi aliyejifungua juzi, kuna mtu ambaye mlio mzito wa ghafla unamrudisha kule alikokimbia. Hilo tunalijua wote, hatuna haja ya kulieleza sana. Kabla ya filamu za vita na milipuko, punguza besi na funga mlango. Na penye matanga, spika inalala. Hilo si sheria ya ofisi, ni utu.

Kuhusu masikio, Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba sauti ya desibeli 80 isizidi saa 40 kwa wiki kwa mtu mzima, na kwa watoto iwe desibeli 75. Hatuna kipimo, ndiyo, lakini kuna njia nyepesi: kama inabidi upige kelele ili aliye karibu nawe, umbali wa mkono, akusikie, imezidi. Watoto wasilale mbele ya spika.

Kwa kifupi

Ukiwa na pesa kidogo, panga hivi: kwanza taa na betri, pili spika mbili za kweli za 12V, tatu, kama imebaki, sabufa ndogo. Taa zenye rangi na namba za dhahabu ziache dukani. Na kabla ya kununua, kaeni kikao, baba, mama na watoto. Sisi hatukukaa, na aliyelipa si yule aliyechagua.

Boksi letu kubwa tulijaribu kuliuza, tukapewa bei ya kutuaibisha. Sasa linashika ndoo ya maji. Spika mbili tulitengenezewa na fundi wa hapa hapa, na binti yetu ndiye aliyeshika flashi siku ya kuzipima. Bibi siku hizi anamweleza mjukuu filamu, si mjukuu anayemweleza bibi. Jumatano zote hatuwashi televisheni. Ni siku ya vitabu, na taa ni ya wanafunzi.

Nanyi tuandikieni: mmenunua nini, mmekosea wapi, mmepatia wapi. Wapeni barua zenu wale wanaowaletea gazeti hili. Mwezi ujao, tukijaliwa, tutazungumzia jinsi ya kuitunza betri ya sola ili ipite miaka mitatu.

Kaeni salama.